Shangazi Yako Hakuzivuta Pojo Zangu

Mbeyu, mwanangu, mayo wangu,

Salamu sikuandikii. Uko chumba cha pili unakunja nguo, nikikusalimia kwa sauti utaitika. Na mambo ya kandambili, dawa ya malaria na kutolala na simu sikioni nimemwachia mamako. Yeye ndiye wizara ya mambo ya ndani. Mimi nina jambo moja tu, nami naliandika kwa sababu kwa mdomo siliwezi. Nikilisema kwa mdomo nitatia kichekesho katikati, wewe utacheka, mimi nitacheka, na jambo lenyewe litapita kama mbuzi aliyepita nyuma ya nyumba.

Kesho unaondoka hapa Marafa unakwenda Rabai kwa shangazi yako Sidi, ukalime naye na ujifunze kazi ya mbegu. Na mimi babako nina wivu.

Lisome tena neno hilo kama umedhani nimekosea herufi. Wivu. Ungeniambia unakwenda Mombasa kusomea udaktari, ningechinja mbuzi. Ungeniambia umepata mchumba Mtaliano, ningelia kidogo, halafu ningemfundisha kula sima kwa mkono. Lakini mtoto anasimama mbele ya baba mwenye shamba lake na jembe lake, anasema, "Baba, nataka kujifunza kilimo, kwa hiyo nakwenda kwa shangazi!" Majirani wananiuliza, "Karisa, kwani wewe hulimi?" Nawajibu, "Mimi ni chuo kikuu, mtoto ameanza na chekechea." Wanacheka, nami nacheka. Ndani hakucheki mtu.

Tangu uanze kwenda kwake likizo, nyumba hii imejaa "shangazi husema". Nikitaka kupanda, shangazi husema subiri. Nikimwaga samadi, shangazi husema pojo haipendi kushibishwa. Nikivuna, shangazi husema si hivyo. Likizo iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikakuuliza, "Na mimi je, shangazi husemaje kunihusu?" Nilitaka useme kitu kibaya nipate kukasirika. Wewe ukanitazama kwa fahari, ukasema, "Husema wewe ndiye uliyemsimamia siku ile alipofukuzwa."

Ungenipiga kwa mpini wa jembe, mayo, ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Kwa sababu sikumsimamia. Nilimwangusha mimi, kisha nikamshika mkono watu wakiona. Hajui hata leo. Nawe usiingie tena nyumba yake hujui. Ngoja nikusimulie toka mwanzo, na usinikatize, barua haikatizwi.

Bibi yako, ambaye wewe umebeba jina lake, ndiyo maana mimi na Sidi sote tunakuita mayo, yaani mama, alikuwa na watoto wawili na jembe moja. Jembe alimpa Sidi. Mimi alinipeleka shule. Nilifika darasa la sita. La saba lilinikimbia, sikulifuata. Nikashuka Malindi, nikaingia mahotelini, nikawa mtunza bustani wa Wataliano kule Shella. Hayo unayajua, nimekusimulia mpaka masikio yako yameota sugu. Nimekata vichaka vya maua ya karatasi vikawa na umbo la tembo, mkonga juu. Kuna bibi mmoja wa Kitaliano alisema mikono yangu ni ya msanii. Hilo ni kweli, usitabasamu.

Hoteli ilipofungwa nikarudi nyumbani nikijua mimea yote duniani. Mwaka huohuo Sidi naye akarudi. Mumewe Mrabai alikuwa amefariki, watoto wake wadogo, akaja na mizigo miwili na kunguni. (Kunguni ni mzaha. Tazama, hata hapa siwezi kujizuia.) Shamba la baba lilikuwa mikononi mwangu. Bondeni kuna ule udongo mweusi unaonata miguuni, mnene, wa kupendeza macho, huo nikaubakiza. Juu ya njia kuna kile kipande cha mchanga ambacho hata magugu huota kwa kuomba ruhusa. Hicho nikampa yeye. Nikatembea kijiji kizima nikisema, "Nimempa dadangu shamba." Watu wakasema Karisa ana moyo mkubwa. Nami nikaamini.

Sote tukapanda pojo. Mvua za mwaka, yaani masika, zilipogonga tu, mimi nilikuwa shambani kabla vumbi halijalala. Nilitaka kuwa wa kwanza. Mbegu tano shimo moja, ili zisikose kampani. Nikapita kwa Sidi, nikamkuta ameketi kizingitini anachambua mbegu.

"Sidi, mvua hiyo, watazama nini?"

"Natazama siku ya kuvuna, Karisa. Pojo hupandwa kwa kuhesabu kurudi nyuma."

"Kurudi nyuma ndiko kulikowaacha wanawake nyuma."

"Haya, wewe tangulia," akasema, akaendelea kuchambua. "Ukifika huko mbele utuwekee kiti."

Nilifika mbele, mayo, na nilikuta maji. Pojo ni zao la siku chache, halikai shambani kama muhogo. Zangu zikakomaa wakati mvua bado inamwagika. Udongo wangu mweusi wa kifahari ukayashika maji kama sufuria, mizizi ikachoka, majani yakageuka manjano. Yale maganda machache yaliyokauka yakalowa tena, na mbegu zikachipua ndani ya ganda zikiwa bado kwenye mti. Umewahi kuona mtoto anayeota ndevu kabla hajazaliwa? Ndiyo mavuno yangu. Za Sidi zikapandwa baadaye, zikanywa mvua ya kuzitosha, maji yaliyozidi yakazama mchangani yakaenda zake, na maganda yakawa meusi jua likiwa kali.

Nikasema ni bahati. Vuli ilipokaribia nikaapa kwamba safari hii watanitambua. Nikazunguka mazizi ya majirani, nikakusanya samadi ya mbuzi mpaka mbuzi wenyewe wakaanza kunikwepa. Nikaimwaga yote kwenye pojo. Na kweli zikaota! Zilinifika kiunoni, kijani kibichi kama bustani za hotelini. Nikamwita mzee wa mtaa aje aone. Nikamwita mwalimu mkuu. Nikapigwa picha nimechuchumaa katikati, kichwa tu na kofia vinaonekana.

Sidi naye alikuja. Hakutazama juu kama wengine. Aliinama akayafunua majani polepole, kama mama anayemtafuta mwanawe chawa.

"Majani mazuri, Karisa," akasema. "Maganda yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yanakuja kutoka wapi, Mambrui?"

Mamako aliyekuwa nyuma yangu akaangua kicheko, na kicheko hicho sikumsamehe yeyote kati yao kwa muda mrefu.

Baadaye nilikuja kuelewa. Hili sijawahi kukwambia: ulipokuwa kidato cha tatu nililisoma daftari lako la kilimo, kwa siri, ukiwa umekwenda kisimani. Mle ndimo nilimokuta kwamba pojo na kunde zina vinundu mizizini, na kwamba kwa vinundu hivyo hujipatia chakula kutoka hewani, kwa hiyo ukizimwagia samadi kupita kiasi zinajaa majani na kusahau kuzaa. Nilikaa na daftari hilo magotini nikasema, loo, Karisa, zao lilikuwa linajilisha lenyewe na wewe ukalilazimisha kula. Lakini hayo yalikuja miaka mingi baada ya mimi kuharibu.

Siku za mavuno ya vuli ile, Sidi alichuma mara tatu. Asubuhi asubuhi, maganda meusi tu, anayabeba kwa leso. Ya kijani anayaacha yangoje zamu yao. Mimi nikang'oa shamba zima siku moja, yaliyoiva na mabichi, nikapiga kwa fimbo juu ya ardhi tupu, kwa sababu nilitaka gunia langu lisimame barabarani kabla ya lake. Akaja mnunuzi kutoka Malindi. Akachota za Sidi kiganja cha kulia, zangu kiganja cha kushoto. Za Sidi zilikuwa saizi moja, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Zangu nyingine kubwa, nyingine zimekunjamana kama uso wa ajuza, nyingine zina madoa, na katikati yake kokoto za kutosha kujenga choo. Akasema, "Hizi nazichukua ziwe mbegu." Kisha akanirudishia zangu taratibu, kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniua: "Hizi, mzee, mpike nyumbani."

Jioni ile sikula. Mamako akaniuliza, "Mwanamume mzima anaonea wivu pojo?"

"Si pojo."

"Basi ni nini?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe. Bibi yako alipokuwa hoi, siku zake za mwisho, mimi ndiye niliyekaa naye, Sidi alikuwa bado kwa mumewe. Nilimwosha, nikamlisha uji kwa kijiko. Mchana mmoja akasikia matone juu ya makuti, akauliza, "Mvua hiyo ni ya kupandia?" Nikamwambia, "Ndiyo, mayo, ni ya kupandia." Akafikiri, akasema, "Muulize Sidi."

Nimekunywa uji mwingi tangu siku hiyo, na kila kijiko kina maneno hayo ndani yake.

Sasa nakuja penyewe. Baada ya mnunuzi yule nilikwenda mangwe, pale tunapokunywa mnazi. Walikuwepo wengi, na wakaanza: "Karisa, msitu wako umezaa nini?" "Karisa, tuuzie majani, tuna mbuzi." Nikiwa mchekeshaji wao kwa miaka, nilitakiwa nijibu, na jibu liwe tamu kuliko shambulio. Nikaweka chini mboko, kile kibuyu cha kunywea, nikasema, "Pojo zangu hazikukosa kuzaa. Zilizaa, zikahama. Zimevutwa. Nyie mtazameni mwenye mkono mwepesi juu ya njia, shamba la mchanga linajazaje magunia?"

Wewe umezaliwa huku, wajua kuvuta ni nini. Wako wanaoamini kwamba mtu mwenye dawa aweza kuyavuta mavuno ya jirani yakaingia shambani kwake, jirani akabaki na majani. Mimi siliamini hilo, naapa. Nililichukua kama mtu anavyochukua fimbo iliyo karibu. Nilikuwa nataka kicheko, na kicheko nilikipata. Wote walicheka isipokuwa mtu mmoja pembeni, ambaye ng'ombe wake alikuwa amekufa mwezi ule. Yeye alinitazama tu, akauliza, "Dada yako?"

Hapo, mayo, ndipo nilipokuwa na nafasi. Neno moja tu, "natania". Sikulisema, kwa sababu mzaha ukishaueleza hauna ladha, nami nilikuwa bado naisikia ladha yake.

Neno likatoka pale likatembea bila mimi. Kwanza watu waliacha kumwitikia Sidi hodi. Halafu akina mama wakawa wanawavuta watoto wao anapopita. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, macho mekundu kwa moshi wa jiko; vitu ambavyo kila mwanamke wa umri ule anavyo, lakini kwake vikawa ushahidi. Kisha mchana mmoja, kweupe, wakaja vijana watano kizingitini kwake, wakamwambia, "Mama, kesho isikukute hapa." Wajua mwenyewe wanaoambiwa hivyo hupatwa na nini wakikaidi. Tumezika wazee kwa maneno ya aina hiyo.

Alikuja mbio kwangu. Wewe ulikuwa darasa la nne, ulikuwepo, ulishika upindo wa leso yake. Akasema, "Karisa, ndugu yangu, nimemfanya nani nini?" Nami nikajaza kifua, nikasema, "Nitasema nao." Nikaenda kusema nao kweli. Nikawaambia wampe siku tatu afunge mizigo. Siku tatu! Hilo ndilo nililoomba. Sikuwaambia kwamba maneno yale niliyatunga mimi, mdomoni mwangu, kwa ajili ya kicheko. Niliogopa watanicheka.

Nikambebea mizigo mpaka barabarani. Nikamnunulia maji na mkate wa njiani. Watu wote wakaona jinsi Karisa anavyompenda dadake. Naye kabla hajapanda na wanawe gari la kurudi Rabai kwa wakweze akanishika mikono yote miwili, mbele yako, akasema, "Mungu akuweke. Wote wamenikimbia, wewe umenisimamia." Ukalia sana siku hiyo. Nami nililia, na watu wakasema, masikini, moyo mkubwa.

Msimu uliofuata nikakilima kile kipande cha mchanga mwenyewe. Sitakuficha, nilikitamani. Nikapanda pojo zangu mle, kwa uvivu wangu uleule, mbegu tano shimo moja, palizi moja tena imechelewa. Na zikazaa, mwanangu. Kwa mikono yangu hii mibovu zikazaa kuliko bonde langu lilivyowahi kuzaa. Nilisimama pale na ganda mkononi, nikalipasua, nikaziona zimejipanga, safi. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kumbe ni mchanga." Mimi niliyempa kipande kibaya nilikuwa nimempa kinachofaa, na nilipoona kinamfaa nikamfukuza humo. Hakukuwa na uchawi hata wa dawa. Kulikuwa na mchanga unaopitisha maji, na mwanamke anayengoja siku yake, anayepanda kwa nafasi, anayepalilia kabla ya maua, anayechuma mara tatu.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na usidhani yanapatikana Rabai peke yake. Nimejifunza kwa yeye yule unayekwenda kujifunza kwake, ila mimi nilichungulia dirishani na wewe utaingia mlangoni. Huo nao ni wivu mwingine. Nina wivu utakapoinama naye mstari mmoja, akuonyeshe ganda lipi liachwe. Nina wivu atakapokuita mayo ukaitika. Nina wivu hata kwa mahindi yake yaliyo chini ya minazi, ambayo hayajanikosea.

Sikuwa na nia ya kuyaandika haya. Nilikuwa na nia ya kukuaga kwa kuku na maneno makubwa. Lakini uliposema unakwenda kwake, nikaona kwamba utakaa pale mwaka, miaka, mkipura pamoja, naye atakuhadithia wema wangu, nawe utamwamini, na uwongo wangu utakuwa umepata mtunzaji mwingine tena kijana. Nikashindwa.

Basi juzi nilikwenda mangwe. Sikuketi. Nikasema, "Yale maneno kwamba Sidi alizivuta pojo zangu niliyabuni mimi. Hakuvuta chochote. Alikuwa mkulima bora kuliko mimi, basi." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga mnazi. Mwenye ng'ombe akasema, "Karisa, leo umelewa mapema." Nikamwambia, "Sijanywa." Wakacheka tena. Ndiyo mshahara wa mchekeshaji, mayo. Siku anasema kweli wanangoja mwisho wenye utamu. Nikarudia mara ya tatu bila kutabasamu, nikimtazama yule mwenye ng'ombe machoni, nikawataja na wale vijana watano kwa majina yao, nikamtaja na aliyewatuma, yaani mimi. Hapo kicheko kikaisha. Mmoja akainuka akaenda zake bila kumaliza mboko wake. Hakuna aliyenipa pole wala mkono. Nimetembea kurudi nyumbani sina hata hadithi moja ya kumchekesha mamako. Nikamweleza yeye naye. Hajasema nami vizuri tangu juzi. Ulidhani ni huzuni ya safari yako.

Sasa amebaki Sidi mwenyewe. Sitakupa wewe ujumbe umpelekee, usiwe mdomo wangu. Mdomo wangu umeshafanya kazi ya kutosha. Wala sitampigia simu, simu hukatwa. Nimepiga pasi shati. Kesho ninapanda gari pamoja nawe. Barua hii nitakupa tukishaketi, uisome njiani, na ukimaliza usinitazame kwa huruma, tazama nje. Kama utataka nishuke mahali nikuache uende peke yako, nigonge bega nitakuelewa.

Sijui atasemaje. Aweza kunipiga, ana mikono ya jembe. Aweza kunyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa. Nikimaliza kusema kwake sina tena cha kujivunia mbele yako, na wewe utakuwa umesimama pale unaona. Nimekubali.

Tukifika, mimi ndiye nitakayepiga hodi. Wewe simama nyuma yangu na mizigo yako. Akisema karibu, nitasimama hapo hapo kizingitini niyaseme yote kabla sijaingia. Akisikia kisha akasema tena karibu, tutaingia wote. Asiposema, ingia wewe, mayo. Mimi gari la kurudi nitalijua mwenyewe.

Babako,
Karisa